Jani la Pili

Saa nne kamili asubuhi, Jumatatu, ukuta wa taa katika Ghala la Uhai ulibadilika kutoka manjano kuwa kijani. Ulibadilika wote kwa mkupuo mmoja, na hapakuonekana taa nyekundu hata moja.

Ghala lilichongwa ndani ya mwamba, chini ya kimojawapo cha vilima vya mawe vya jiji la Mwanza, kwa sababu mwamba hutunza baridi na mashine za kumbukumbu hazipendi joto. Kila taa ukutani iliwakilisha mtu mmoja aliyevaa kidundo. Kidundo ni mashine yenye ukubwa wa korosho. Hushonewa chini ya mtulinga, na kazi yake ni kuupigisha moyo uliosahau kupiga wenyewe. Homa ya mapigo iliyopita Kanda ya Ziwa mwaka 2071 iliwaachia maelfu ya watoto mioyo ya namna hiyo. Sasa mwaka ulikuwa 2094, na watoto wale walikuwa watu wazima wenye kazi, ndoa na madeni kama watu wengine, na vidundo vilivaliwa pia na wazee na watoto wadogo waliougua moyo kwa sababu nyingine.

Kidundo kina tabia moja ambayo wavaaji wake huisahau, kama mtu anavyosahau kwamba anapumua. Kila baada ya dakika tano huliuliza Ghala neno moja: Yupo? Ghala hutafuta jalada la mwenyewe na kujibu: Yupo. Tabia hiyo iliwekwa baada ya wezi kuanza kufukua makaburi na kuuza vidundo vya marehemu. Kidundo kikijibiwa Hayupo, hupunguza mapigo. Kikijibiwa hivyo mara nane mfululizo, hujizima na hakiwaki tena. Ukimya nao huhesabiwa kuwa Hayupo, maana wezi walikuwa wakivifunga vidundo katika karatasi za bati ili visisikie kitu.

Mhandisi Kulwa Ng'wandu alisimama mbele ya ukuta huo akiwa na kidundo chake mwenyewe kifuani, akawapigia makofi wenzake. Kazi ilikuwa yake. Kwa miaka ishirini na mbili majalada yote ya kanda yalikaa katika mfumo ulioitwa Toleo la Tatu, uliotengenezwa hapahapa Mwanza katika haraka ya ile homa. Mfumo mpya, Toleo la Saba, ulitengenezwa Dodoma kwa ajili ya nchi nzima, na haukuweza kuyasoma majalada ya zamani jinsi yalivyo. Ilibidi yapitishwe kwenye kigeuzi, programu inayochukua faili lililoandikwa kwa mpangilio wa kale na kuliandika upya kwa mpangilio wa sasa. Kulwa alikiongoza kigeuzi hicho mwezi mzima.

"Bila kelele, bila kuzimika hata dakika moja," alisema Bi. Kokugonza, mkurugenzi wa Ghala, mwanamke mrefu wa Bukoba ambaye hakuwa na desturi ya kusifu. "Mhandisi, leo umetutoa kimasomaso."

Kulwa aliinamisha kichwa kwa adabu. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge cha samawati, ambalo lilimbana kiunoni. Nusu saa kabla ya hapo aliyelishona alikuwa amempigia simu.

"Umevaa?" aliuliza Doto, pacha wake.

"Nimevaa."

"Halikubani?"

"Linabana, tena sana."

"Basi umenenepa wewe. La kwangu limenikaa kama nimezaliwa nalo, na nimekata yote mawili kwa kipimo kimoja. Au unataka nitangaze redioni kwamba umenenepa?"

"Doto, nina wageni."

"Haya, mkubwa wangu wa dakika kumi na mbili. Nenda kawashe taa zako. Kulwa hutangulia kufungua mlango, Doto hubaki nyuma kuzima taa. Kazi ngumu siku zote ni ya wa nyuma." Kisha akacheka, na kelele za cherehani zikaimeza sauti yake.

Usukumani majina ya pacha hayachaguliwi. Anayetangulia kutoka huitwa Kulwa, anayefuata huitwa Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao, awe wa kike au wa kiume, huitwa Shija. Pacha hawatenganishwi. Akinunuliwa mmoja kiatu, mwenzake hununuliwa kiatu, na akipelekwa mmoja kwa mganga, wote wawili huenda. Kulwa na Doto Ng'wandu waliugua homa ya mapigo wiki moja, wakiwa na miaka saba. Walilazwa kitanda kimoja, wakashonewa vidundo siku moja. Doto sasa alikuwa na duka la ushonaji Mabatini, na mdogo wao Shija alimtengenezea cherehani.

Saa nne na dakika kumi na mbili, wageni wakiwa bado wanakunywa chai, simu ya mezani iliita. Alikuwa Nyamizi, mpokezi wa Ukumbi wa Dharura.

"Mhandisi, ama kuna watu wananichezea akili, ama mitambo yangu ya simu imeharibika. Sikiliza vizuri. Kila anayepiga anasema mtu ameanguka, moyo unapiga polepole. Nikiuliza jina la mgonjwa, naambiwa Doto."

"Wangapi?"

"Nimeandika kumi na saba. Igoma, Doto. Buzuruga, Doto. Nyegezi, Doto, mwendesha kreni, wamemshusha kwa kamba. Mmoja nimemwambia aache utani, mama wa watu akaangua kilio. Subiri... kumi na nane. Mhandisi, kuna ugonjwa unaochagua jina?"

"Hakuna Kulwa hata mmoja?"

"Hakuna. Nimeuliza hivyohivyo nikitaka kucheka. Hakuna."

Kulwa aligeuka kuutazama ukuta. Ulikuwa kijani, kutoka pembe hadi pembe. Akaelewa kwamba kijani kile hakikumaanisha alichokidhania. Taa nyekundu huwaka kwa mtu ambaye Ghala linamjua na kidundo chake kina hitilafu. Mtu ambaye Ghala halimjui hana taa ya kubadilika rangi.

Aliketi kwenye mashine yake bila kuaga wageni, akafungua sehemu ambayo hakuna mtu huifungua, yenye kichwa cha maneno Vifaa Visivyo na Mwenyewe. Siku ya kawaida huwa na mistari miwili au mitatu, ya marehemu wa jana. Sasa ilikuwa na mistari mia tatu na kumi na miwili. Kando ya kila mstari palikuwa na jibu lilelile mara tatu: Hayupo, Hayupo, Hayupo.

Alichukua namba ya jalada katika mstari wa kwanza akaitafuta kwenye nakala ya zamani, iliyohifadhiwa kwa mpangilio wa Toleo la Tatu. Jalada lilikuwepo. Lilikuwa la Kulwa Sengerema, fundi bomba. Chini ya jina, pembeni, palikuwa na kialama kidogo kama mche wa kunde uliotoka ardhini na majani mawili. Mhandisi alikibonyeza. Jalada likafunua ukurasa mwingine, wenye mama yuleyule, tarehe ileile ya kuzaliwa na namba ileile, ila jina lilikuwa Doto.

Alifungua mstari wa pili, kisha wa tatu; kila jalada lilikuwa na mche uleule.

Waliotengeneza Toleo la Tatu walikuwa watu wa hapa. Wauguzi waliwaambia kwamba akina mama hawakubali pacha waandikwe mbalimbali, nao wakaunda jalada moja lenye majani mawili. Watengenezaji wa Toleo la Saba hawakuwa na wazo hilo hata kidogo. Kwao jalada moja ni mtu mmoja, na mtu mmoja ana kidundo kimoja. Kigeuzi kilipokuta jani la pili, kililiona kuwa mtu yuleyule aliyeandikwa mara mbili kwa uzembe, jambo ambalo hutokea katika kila hifadhi ya kumbukumbu ya zamani. Hakikuficha. Kiliandika kwenye skrini: Nakala rudufu zimepatikana. Zifutwe?

Swali hilo lilikuja Alhamisi mchana. Kabla ya kujibu, Kulwa alifanya jaribio, kama kazi inavyotaka. Alifungua jalada analolijua kuliko yote, la kwake. Alisoma jina, homa, tarehe ya upasuaji, namba ya kidundo. Yote yalikuwa sahihi mpaka nukta ya mwisho. Jalada lake lilifunguka kwenye jani la kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kutoka. Basi akabonyeza Ndiyo.

Simu yake ya mkononi ilitetemeka. Alikuwa Shija.

"Dada, Doto ameanguka juu ya cherehani. Nimeita kipungu, wanasema vipungu vyote viko angani." Kipungu ni gari la wagonjwa linaloruka. Jiji lilikuwa navyo arobaini.

"Anapumua?"

"Anapumua kama mtu anayepanda mlima. Anafumbua macho, anafumba. Ameniambia eti nisizime taa. Dada, hapa taa hazijawashwa, ni mchana kweupe."

"Shija, nisikilize. Mpakie kwenye kitu chochote chenye magurudumu, umpeleke Ukumbi wa Dharura."

"Kuna nini?"

"Ni kidundo. Kinaambiwa hayupo."

"Na nani?"

"Nenda," alisema Kulwa, akakata simu.

Bi. Kokugonza alikuwa amesimama nyuma yake, kikombe cha chai bado mkononi. Alisoma skrini mara moja, na mara moja ilimtosha.

"Turudishe Toleo la Tatu," alisema.

"Kulirudisha ni kazi ya saa sita nzima, na katika saa hizo Ghala litakuwa kimya. Ukimya ni Hayupo. Tutawazima watu wote."

"Tuwaandike upya akina Doto."

"Toleo la Saba halikubali mtu aandikwe kwa kibodi. Unakumbuka watu hewa."

Bi. Kokugonza alikumbuka. Miaka kumi iliyopita maofisa fulani waliandika watu wasiokuwepo na kuuza dawa zao, na tangu hapo sheria ikawa moja: mtu mpya huingia Ghalani kwa damu yake, mbele ya mashine ya kupima, na kazi hiyo huchukua dakika hamsini. Hayupo ya nane ingefika saa nne na dakika thelathini na tano.

"Dodoma wabadilishe sehemu inayojibu. Ijibu Yupo kwa kila kitu."

"Imefungwa kwa muhuri wao. Wapigie, mkurugenzi. Mimi nina kitu cha kufanya wakati wakitafuta funguo."

Bi. Kokugonza alipiga. Sauti yake ilisikika katika chumba cha pili, kwanza tulivu, baadaye si tulivu. Kulwa aliandika. Kidundo huchongwa namba yake na namba ya jalada, kwa hiyo hakiwezi kuhamishiwa kwa mtu mwingine yeyote. Lakini pacha waliandikwa kwa namba moja. Jalada la kila Kulwa asiyevaa kidundo lilikuwa na nafasi tupu ambayo kidundo cha Doto wake kingeweza kuandikwa. Ungekuwa uongo. Kumbukumbu za nchi zingesema kwamba fundi bomba mzima wa afya ana moyo mbovu. Ila Ghala lingeulizwa, na lingejibu Yupo, na akina Doto wangekuwa na muda wa kupimwa damu.

Saa nne na dakika ishirini na mbili amri ilikuwa tayari. Majalada yenye nafasi tupu yalikuwa mia tatu na manne. Aliibonyeza. Saa nne na dakika ishirini na tano vidundo vilipouliza tena, mistari ilianza kufutika skrini nzima, mmoja baada ya mwingine, Yupo, Yupo, Yupo, na chumbani mtu mmoja alipiga kelele ya furaha.

"Nyamaza," alisema Kulwa.

Alikuwa akihesabu. Vidundo mia tatu na kimoja viliuliza. Vitatu havikuuliza, maana kidundo kisichousikia moyo hunyamaza. Alipompigia Nyamizi, mpokezi alikuwa na majina. Doto Maziku, mzee wa miaka themanini na mmoja, alikata roho mezani kwake akila. Doto mwendesha kreni hakuamka. Wa tatu alikuwa wa miaka minne.

"Huyo wa miaka minne," alisema Nyamizi, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha hata chembe, "pacha wake amekaa hapa mbele yangu. Ananiuliza mwenzake amepelekwa wapi. Nimwambie nini, Mhandisi?"

Ndani ya simu ikasikika sauti ndogo ya mtoto ikiuliza tena. Kisha Nyamizi akakata.

Bi. Kokugonza alirudi. "Dodoma wanasema itawachukua saa mbili. Muhuri unataka saini tatu, na mmoja wa wenye saini yuko ndegeni." Alitazama skrini. "Wamebaki wangapi?"

"Wanane. Ni pacha ambao wote wawili wana kidundo. Jalada halina nafasi tupu. Mtu mmoja, kidundo kimoja."

"Kwa hiyo ama huyu, ama yule."

"Ama kwa zamu," alisema Kulwa. "Ninamtoa Kulwa, ninamwingiza Doto. Doto akijibiwa Yupo, hesabu yake inarudi mwanzo. Kisha ninamtoa Doto, ninamrudisha Kulwa. Wapokezane hivyo mpaka damu za akina Doto zipimwe. Kila mmoja atadhoofika. Hakuna atakayefika Hayupo ya nane."

"Mbona basi hujaanza?"

"Kwa sababu sijui kama kidundo kilichotolewa kwenye jalada la mtu aliye hai kinakubaliwa kurudi. Huenda Toleo la Saba litakihesabu kuwa kimeibwa. Maelezo ya Dodoma hayasemi, na hakuna aliyewahi kujaribu. Likikataa, Kulwa atakuwa na dakika thelathini na tano, na kupima damu ni hamsini."

Bi. Kokugonza alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika chumba kile. "Basi tuwapigie hao akina Kulwa wanane tuwaulize. Hatuwezi kuamua kwa niaba yao."

"Saba," alisema Kulwa. "Wa nane hana haja ya kupigiwa."

Mkurugenzi alimtazama usoni, halafu akalitazama gauni la samawati, halafu mahali ambapo kola iliishia na kovu dogo likaanza.

"Hapana," alisema. "Binti yangu, hapana. Wewe ndiye unayeijua mashine hii. Ukianguka, nani atabonyeza?"

"Nimeandika amri zote mbili, ya kutoa na ya kurudisha. Ni kubonyeza tu. Mtu huanguka kwenye Hayupo ya tatu, kwa hiyo nitakuwa macho dakika kumi za kwanza. Likikubali kunirudisha, utawafanyia hao saba vilevile kabla ya dakika ya thelathini na tano. Likikataa, usiwaguse."

"Anza na jalada la mtu mwingine anayekubali."

"Alhamisi nilijaribu kwa jalada langu," alisema Kulwa. "Nililisoma jani moja tu. Leo nalisoma lote."

Simu yake iliita, na akaiweka mezani ili wote wasikie. Upepo ulivuma kwenye kipaza sauti. Shija alikuwa kwenye toroli la mizigo la umeme, la jirani muuza mabati, akipita njia ya watembea kwa miguu.

"Dada, hafumbui macho tena. Midomo imekuwa ya rangi nyingine. Nimbinye kifua? Niambie nifanye nini, nitafanya."

"Uko wapi?"

"Darajani. Dakika kumi nyingine, kumi na mbili."

"Usisimame. Mshike mkono, uniambie yakibadilika."

"Yakibadilika nini?"

"Mapigo."

Saa nne na dakika ishirini na nane Kulwa alifungua jalada la Ng'wandu. Palepale palipoandikwa namba ya kidundo chake, aliifuta na kuandika ya Doto. Toleo la Saba liliuliza kama ana uhakika. Alisoma swali hilo polepole, neno kwa neno, kama alivyopaswa kusoma lile la Alhamisi. Kisha akabonyeza Ndiyo, akakiweka kiti chake pembeni ili Bi. Kokugonza asogee karibu na kibodi.

Saa nne na nusu kidundo cha Doto Ng'wandu kiliuliza: Yupo?

Ghala likajibu: Yupo.

"Dada!" ilisema simu mezani. "Dada, mkono umeshtuka!"

Sekunde chache baadaye kidundo cha Kulwa Ng'wandu kiliuliza: Yupo?

Ghala likajibu: Hayupo.